Mboga za Majani kwa Kitunguu Saumu: Upishi wa Dakika Chache na Maana Yake kwa Afya katika Wilaya ya Same

Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ina sura mbili. Chini, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kuelekea Tanga na Dar es Salaam, kuna tambarare kavu yenye mvua chache, ambako mji wa Same umejengwa na ambako Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi imepakana na makazi ya watu. Juu kuna Milima ya Upare Kusini, yenye msitu wa Chome, kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya wakulima kama vile Mbaga, Suji, Chome, Vudee na Mamba. Maji yatokayo juu ndiyo huotesha sehemu kubwa ya mboga zinazoliwa chini. Kwa vizazi vingi Wapare wameyakusanya maji hayo katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, ambayo hujaa usiku na kufunguliwa mchana ili maji yapite katika mifereji na kufika mashambani kwa zamu.

Kutokana na mifereji hiyo, hata familia isiyo na kipato kikubwa inaweza kupata mchicha, mnavu, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, sukuma wiki au chainizi katika sehemu kubwa ya mwaka. Mboga hizo huliwa pamoja na ugali, ndizi, wali au makande, chakula cha mahindi na maharage ambacho kimekuwa kitambulisho cha Wapare kote nchini. Hata hivyo, faida ya mboga haitegemei tu kuwapo kwake sokoni au bustanini. Inategemea pia namna inavyooshwa, inavyokatwa, muda inaokaa motoni, na kinywaji kinachoifuata mezani.

Makala hii inaeleza upishi mmoja rahisi, yaani mboga za majani zilizokaangwa kwa muda mfupi kwa kitunguu saumu. Inaeleza pia sababu za kila hatua, manufaa yanayoweza kutarajiwa, na mambo ambayo chakula hiki hakiwezi kuyafanya. Jambo hili la mwisho ni muhimu, kwa kuwa wapo wagonjwa wa shinikizo la damu na maradhi mengine sugu wanaoacha dawa zao kwa kuamini kwamba kitunguu saumu kinatosha, na wapo wengine wanaoacha mboga kabisa kwa kuogopa kwamba zitaharibu dawa. Makundi yote mawili hupata madhara yanayoweza kuzuilika.

Mboga za majani zina nini

Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina takriban miligramu 2.3 za madini chuma, miligramu 215 za kalisiamu na miligramu 43 za vitamini C. Aidha zina foleti, ambayo huhitajika sana katika utengenezaji wa chembe za damu na katika ukuaji wa mtoto tumboni. Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Na vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa. Majani mengine ya kijani kilichokolea yana virutubishi vya aina hiyohiyo kwa viwango tofauti.

Umuhimu wa virutubishi hivyo huonekana zaidi ukilinganishwa na hali ya lishe nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Upungufu huo una sababu nyingi, zikiwamo malaria, minyoo, kutokwa na damu na maradhi ya kurithi ya chembe za damu. Upungufu wa madini chuma katika chakula ni mojawapo ya sababu hizo, na ndiyo inayoweza kushughulikiwa jikoni.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mafungu mawili ya mchicha yenye uzito wa takriban nusu kilo baada ya kuchambuliwa, yakigawanywa kwa watu wanne, humpa kila mmoja zaidi ya robo ya kiasi hicho kwa mlo mmoja.

Yanayotokea ndani ya punje ya kitunguu saumu

Kitunguu saumu, ambacho katika baadhi ya maeneo ya pwani huitwa kitunguu thomu, hakinuki sana kikiwa kizima. Harufu yake kali huzaliwa pale punje inapokatwa au kupondwa. Ndani ya punje kuna kemikali iitwayo aliini na kimeng'enya kiitwacho alinesi, na viwili hivyo hukaa katika vyumba tofauti vya seli. Kisu au mchi unapovunja kuta za seli, viwili hivyo hukutana, na katika muda mfupi huzalisha alisini, ambayo ndiyo chanzo cha harufu na ukali. Alisini ilitambuliwa mwaka 1944 na wanakemia wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, ambao pia walionyesha kuwa huweza kuua baadhi ya bakteria katika maabara.

Kimeng'enya alinesi hakistahimili moto. Punje nzima ikitumbukizwa katika mafuta ya moto, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya kazi yake, na alisini haizaliwi kwa kiasi cha maana. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2001, kwa majaribio ya panya, kwamba kitunguu saumu kilichopondwa na kuachwa kwa dakika 10 kabla ya kupashwa moto kilibakiza sehemu ya nguvu zake, ilhali kilichopashwa moto mara tu baada ya kupondwa kiliipoteza. Kwa mpishi, maana ya jambo hili ni nyepesi: kitunguu saumu kipondwe kwanza, kabla ya kuosha mboga, ili muda wa kuosha na kukata uwe ndio muda wa kukiacha.

Faida nyingine inahusu nafaka na kunde. Mwaka 2010 wanasayansi wa Mysore, India, waliripoti kutoka maabara kwamba kitunguu saumu na kitunguu maji vikichanganywa na nafaka au jamii ya kunde huongeza kiasi cha madini chuma na zinki kinachoweza kufyonzwa. Jaribio la maabara si sawa na jaribio kwa binadamu, lakini matokeo hayo yanaupa uzito zaidi mlo wa makande yanayoliwa pamoja na mboga iliyoungwa kwa kitunguu saumu.

Mahitaji kwa watu wanne

Mafungu mawili ya mchicha au chainizi; punje nne za kitunguu saumu; kitunguu maji kimoja kidogo; kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia; robo ya kijiko cha chai cha chumvi yenye madini joto; na nusu ya limau au ndimu. Nyanya moja inaweza kuongezwa kwa wanaopenda, lakini si lazima.

Hatua za upishi

Kwanza, kitunguu saumu humenywa, hupondwa kwenye kinu au hukatwa vipande vidogo sana, kisha huwekwa kando katika kisahani.

Pili, majani huchambuliwa. Yaliyooza na yenye wadudu hutupwa, lakini mashina laini hubakizwa. Majani huoshwa yakiwa mazima, katika maji safi, mara mbili au tatu, hadi maji yasibakize mchanga. Baada ya kuchuja maji ndipo hukatwa, na vipande visiwe vidogo mno.

Tatu, mafuta hupashwa moto wa wastani. Kitunguu maji hutangulia kwa dakika mbili hadi kilainike. Kitunguu saumu hufuata na hukorogwa kwa muda wa nusu dakika tu, hadi harufu yake inyanyuke. Kikianza kugeuka kahawia, kimechelewa. Kitunguu saumu kilichoungua huwa kichungu na huiharibu sufuria nzima.

Nne, mashina hutiwa kwanza na kugeuzwa kwa dakika moja, kisha majani hufuata. Maji hayaongezwi, kwani unyevu uliobaki kwenye majani baada ya kuosha unatosha. Sufuria hufunikwa kwa dakika mbili hadi tatu.

Tano, chumvi hutiwa, mboga hugeuzwa mara moja, na sufuria huepuliwa. Limau hukamuliwa mboga ikiwa imekwisha kuepuliwa, na huliwa ingali na moto.

Kazi yote ya motoni huchukua chini ya dakika 10. Methali husema kwamba haraka haraka haina baraka, lakini katika mchicha mambo ni kinyume: anayechelewa kuepua ndiye anayekosa.

Sababu za kila hatua

Vitamini C na foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto. Majani yakikatwa kabla ya kuoshwa, sehemu ya virutubishi hivyo hutoka katika kingo zilizokatwa na kwenda na maji. Yakichemshwa kwa nusu saa na maji yake kumwagwa, kinachobaki sahanini ni nyuzi na madini zaidi kuliko vitamini. Kukaanga kwa muda mfupi bila maji ya ziada hupunguza hasara zote mbili.

Mafuta si kwa ajili ya ladha pekee. Beta-karotini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, na utumbo hauwezi kuifyonza vizuri katika mlo usio na mafuta kabisa. Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 14 za mafuta. Kikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja hupata gramu tatu na nusu, ambazo zinatosha. Kuzidisha mafuta hakuongezi vitamini, bali huongeza uzito wa mwili.

Limau lina kazi ya pekee. Madini chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa kiasi kidogo sana ikilinganishwa na yale ya nyama. Vitamini C huyageuza madini hayo kuwa katika hali inayofyonzwa kwa urahisi zaidi, mradi viliwe katika mlo mmoja. Limau hukamuliwa mwishoni kwa sababu mbili: joto huharibu vitamini C, na tindikali ikikaa motoni pamoja na majani huondoa rangi yake ya kijani na kuyafanya yafanane na majani makavu.

Hapo ndipo inapofaa kutajwa habari ya magadi. Baadhi ya wapishi hutia magadi kidogo katika mboga ili zilainike upesi na kubaki za kijani. Ni kweli kwamba magadi hulinda rangi, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, na huongeza sodiamu ambayo mgonjwa wa shinikizo la damu anatakiwa kuipunguza. Kwa hiyo ukijani wa mboga iliyotiwa magadi si kipimo cha ubora wake. Majani machanga yakikatwa na kupikwa kwa muda mfupi hayahitaji magadi.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Robo ya kijiko kwa watu wanne huacha nafasi kwa chumvi iliyomo katika vyakula vingine. Ukali wa kitunguu saumu na uchachu wa limau huifanya chumvi kidogo ionekane kuwa inatosha. Hii huenda ndiyo faida kubwa zaidi ya kitunguu saumu kwa mwenye shinikizo la damu. Vidonge vya mchuzi na viungo vya paketi vyenye chumvi nyingi huondoa faida hiyo mara moja. Chumvi yenye madini joto hutiwa mwishoni, kwa kuwa sehemu ya madini joto inaweza kupotea kwa moto wa muda mrefu.

Chai na kahawa huhitaji nafasi yake. Milima ya Upare ni nchi ya kahawa, na kikombe cha chai ya rangi baada ya chakula ni desturi ya nyumba nyingi. Kemikali za chai na kahawa hushikamana na madini chuma ya mimea tumboni, na chai inayonywewa pamoja na mlo huweza kupunguza ufyonzwaji wake kwa zaidi ya nusu. Hakuna sababu ya kuacha chai. Inatosha kuinywa angalau saa moja baada ya chakula. Kwa mjamzito na mtoto mdogo, mabadiliko haya ya saa moja ni muhimu kuliko kuongeza fungu la tatu la mchicha.

Majani yasiyostahili haraka

Si kila jani hufaa kwa upishi huu. Kisamvu, yaani majani ya muhogo, kina kemikali zinazoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Hutwangwa vizuri na kupikwa kwa muda mrefu bila mfuniko mwanzoni, na hakipaswi kukaangwa kwa dakika chache kama mchicha. Majani ya kunde na majani ya maboga ni salama, lakini huhitaji muda zaidi, takriban dakika 10, na majani ya maboga humenywa nyuzi za mashina kwanza. Mnavu huchumwa majani na ncha changa tu. Matunda yake mabichi ya kijani yana sumu na hayaliwi. Kwa wanaochemsha mnavu na kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, ifahamike kwamba sehemu ya vitamini humwagwa pia, kwa hiyo maji yawe kidogo na muda uwe mfupi.

Mboga za bustani zilizonyunyiziwa dawa ya wadudu zisichumwe kabla ya kwisha kwa siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Kuosha hupunguza mabaki ya juu ya jani, lakini hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani. Vilevile maji ya mfereji unaopita katika makazi na malisho ya mifugo yanafaa kwa kumwagilia, si kwa kuoshea mboga wakati wa mwisho kabla ya kupika.

Tahadhari nyingine inahusu kuhifadhi. Wapo wanaoponda kitunguu saumu kingi, wakakiloweka katika mafuta na kukiweka kabatini kwa wiki kadhaa. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na mazingira hayo huruhusu bakteria aitwaye Clostridium botulinum kutoa sumu inayopooza misuli, ikiwamo ya kupumua. Mwaka 1985 watu 36 waliugua ugonjwa huo baada ya kula katika mkahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada, na chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichohifadhiwa katika mafuta bila ubaridi. Sumu hiyo haionekani wala hainuki. Katika nyumba isiyo na jokofu, kitunguu saumu kipondwe kwa mlo mmoja tu.

Kitunguu saumu si mbadala wa dawa

Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilivyotengenezwa kwa vipimo maalumu, vikimezwa kila siku kwa wiki nyingi, vinaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani kwa baadhi ya wagonjwa. Matokeo hayo hayahusu punje nne zilizogawanywa kwa watu wanne katika mboga, na hata katika tafiti hizo hakuna kilichoruhusu mgonjwa aache dawa zake. Shinikizo la damu halina maumivu. Mgonjwa aliyeacha dawa hujisikia mzima, hukisifu kitunguu saumu, na huendelea hivyo hadi siku anapopata kiharusi au figo zinaposhindwa kazi. Kwa aishiye kijiji cha juu mlimani, ambako safari ya kufika hospitali ni ndefu na barabara huharibika wakati wa masika, siku hiyo huwa na gharama kubwa zaidi.

Historia ya karibuni barani Afrika ina funzo chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, waziri wa afya wa Afrika Kusini wa wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, alihimiza kitunguu saumu, limau na bitiruti kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, huku utoaji wa dawa za kupunguza makali ya virusi ukicheleweshwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya maisha 330,000 yalipotea kwa sababu ya ucheleweshaji huo. Vyakula hivyo havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kuviweka mahali pa dawa.

Upo pia uwezekano wa kitunguu saumu kugongana na dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za virusi vya UKIMWI za wakati huo, kwa karibu nusu katika damu. Dawa hiyo haitumiki tena kwa upana, lakini kanuni inabaki: kitunguu saumu cha mboga hakina tatizo, bali vidonge, unga na vinywaji vya kitunguu saumu vinavyotumiwa kama tiba vinapaswa kutajwa kliniki.

Wagonjwa wanaohitaji uangalifu

Wanaotumia warfarini. Dawa hii hupewa baadhi ya wagonjwa wenye vali bandia za moyo au waliowahi kuganda damu katika mishipa. Hufanya kazi kwa kupinga vitamini K, ambayo imejaa katika majani ya kijani. Wagonjwa wengi huambiwa, au hudhani wameambiwa, waache mboga. Ushauri sahihi ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Katika Same jambo hili lina ugumu wake, kwa kuwa mboga hujaa wakati wa mvua na huadimika na kupanda bei wakati wa kiangazi. Mboga zikiongezeka ghafla, nguvu ya dawa hupungua na damu huweza kuganda kwenye vali. Zikipungua ghafla, nguvu ya dawa huzidi na mgonjwa huweza kutokwa na damu. Kwa hiyo mabadiliko ya msimu ni sababu ya kutosha ya kupima upya kiwango cha kuganda kwa damu, kijulikanacho kama INR, na kurekebisha dozi.

Wanaotarajia upasuaji na wanaotumia aspirini. Kitunguu saumu kwa wingi, hasa kibichi au cha vidonge, hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikamana ili kuzuia damu. Wanaotumia vidonge hivyo hushauriwa kuviacha wiki moja kabla ya upasuaji. Kiasi cha kawaida cha mboga si tatizo.

Wenye ugonjwa sugu wa figo. Majani ya kijani yana potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Kwa mgonjwa aliyeambiwa apunguze potasiamu, kanuni hugeuka: majani hukatwa vipande vidogo, huchemshwa katika maji mengi, maji humwagwa, na ndipo huungwa. Kinachokuwa hasara kwa mtu mwenye afya huwa kinga kwa mgonjwa huyu. Kadhalika, mchicha una oksaleti nyingi, na aliyewahi kupata mawe ya figo anapaswa kupata ushauri kuhusu aina na kiasi cha mboga.

Wajawazito. Mboga hazichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu. Kidonge chenye miligramu 60 za madini chuma kina zaidi ya mara 25 ya kilichomo katika gramu 100 za mchicha. Mjamzito anahitaji vyote viwili: kidonge kwa ajili ya kiasi, na mboga kwa ajili ya virutubishi vingine ambavyo kidonge hakina.

Watoto wachanga na ngozi. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa hakipakwi wala kufungwa kwenye ngozi ya mtoto kwa kutibu kifua au homa, kwa sababu kinaweza kuunguza ngozi na kuacha kidonda. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupewa mboga hii ikiwa imepondwa laini, bila kuongezewa chumvi.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mgonjwa anayetumia kitunguu saumu kama tiba mara nyingi hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa kwa kukemewa huficha. Swali lenye heshima, kwa mfano, "Mama, zaidi ya dawa za hapa, kuna kitu kingine mnachotumia nyumbani?", hufungua mazungumzo. Jibu likipatikana, mhudumu atenganishe mambo matatu: kitunguu saumu cha chakula, ambacho anakihimiza, cha tiba ya ziada, ambacho anakiandika katika kadi na kukifuatilia, na kile kilichochukua nafasi ya dawa, ambacho ndicho cha kushughulikiwa siku hiyohiyo. Mara nyingi nyuma ya kuacha dawa kuna nauli iliyokosekana, kichefuchefu au dawa zilizokwisha, wala si imani juu ya kitunguu saumu pekee.

Katika kliniki ya wajawazito na watoto, maelezo ya mdomo hushikwa zaidi yakiambatana na vitendo. Jiko moja la mkaa, sufuria moja na mafungu mawili ya mchicha vinatosha kuonyesha upishi huu wakati akina mama wanasubiri kupimwa. Ujumbe usizidi minne: osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, kamua limau mwishoni, chai ingoje saa moja.

Hitimisho

Mboga za majani kwa kitunguu saumu ni chakula kinachopikwa kwa moto mdogo, kwa gharama ndogo, na kwa vitu vinavyopatikana katika soko la Same na bustani za milimani. Kikipikwa vizuri huwapa wanafamilia vitamini na madini, husaidia kupunguza chumvi, na huokoa kuni na mkaa katika wilaya ambayo misitu yake ndiyo chanzo cha maji ya mifereji. Hakitibu shinikizo la damu, hakiui virusi, na hakijazi peke yake pengo la damu ya mjamzito. Mgonjwa anayetumia dawa aendelee nazo kama alivyoelekezwa, na anayetaka kubadilisha kwa kiasi kikubwa mboga anazokula, au anayetumia vidonge vya kitunguu saumu, aeleze hivyo katika kituo cha afya kilicho karibu naye kabla ya siku ya kliniki inayofuata.